Nyekundu Vamia, Nyeupe Tulia

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Umerudi, eh? Hatimaye! Najua ni wewe, binti yangu, maana hakuna mwingine mwenye tabia ya kufungua droo ya mama yake kabla hata ya kuvua viatu. Tangu lini hujakanyaga humu? Ulipoondoka mara ya mwisho kamba zangu za kuanikia zilikuwa mpya. Sasa zimelegea kama mashavu yangu. Na gauni lako jeupe la unesi ulilisahau msumarini, nyuma ya mlango. Nimelipiga pasi mpaka lenyewe limechoka kukungoja. Haya huna! Kaa chini, soma, na usinikunjie kurasa.

Mwandiko usiucheke. Darasani sikuingia hata siku moja, unajua. Herufi nilizijua kwa kushona alama za wateja kwenye kola, moja moja, mpaka zikawa zangu zote. Mtu aliyejifunza kuandika kwa sindano huandika kwa kuchoma. Vumilia.

Sasa habari za mwanao. Si nzuri!

Juzi kwenye nusu fainali ametolewa uwanjani. Tena! Wewe ulimpa jina zuri tu, lakini chuo kizima wanamwita Kiberiti, na hata mimi limeshanikaa mdomoni. Mpira akiupata haulizi. Anainamisha kichwa, anaingia katikati ya watu kama anayewahi mlango wa benki unaofungwa. Akifika, anafunga. Asipofika, kuna mtu chini. Na huku kwenye mpira wa kikapu ukifanya makosa matano umekwisha, unatoka, hurudi. Yeye aliyamaliza robo ya tatu haijaiva. Akakaa benchi na taulo kichwani.

Akaingia yule wanayegombania naye nafasi moja, anayeitwa Taratibu. Huyo hadundi mpira mpaka autafakari. Tukashinda hivyo hivyo, kwa kujikongoja.

Fainali ni Jumamosi hii. Kiberiti anamaliza chuo mwaka huu, kwa hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho. Na Kocha amesema wazi, mbele ya wote: Alhamisi kuna mechi ya mazoezi, na Kiberiti asipoonyesha kwamba kichwa anacho, fainali ataitazama akiwa benchi. Mtoto hali. Tangu Jumamosi anakoroga chai tu, hainywi.

Na nani akanigeukia pale pale jukwaani? Mwalimu Mstaafu! Bibi yake Taratibu. Miwani kwenye mnyororo, mto wa kukalia, chupa ya chai, vyote kwapani. Akaniambia kwa sauti ile ya kusahihisha, ati mjukuu wangu ana moyo mkubwa, ila kichwa amekisahau nyumbani. Nikamwambia wa kwake kichwa anacho, tena kizito, ndiyo maana miguu inashindwa kukibeba. Akasema asante. Asante! Damu ilinichemka mpaka nikasahau mwavuli wangu.

Lakini nina mpango. Umenijia leo nikianika. Kiberiti kuvamia anajua, na akili anayo. Shida yake hajui lini ni hii na lini ni ile. Mimi najua! Niko juu jukwaani, naona wote. Basi: vitambaa viwili. Nikiinua chekundu, vamia. Nikiinua cheupe, tulia, tazama, fikiri. Rahisi hivyo! Kocha na ukocha wake wote hajawahi kuwaza hilo.

Cheupe ninacho. Chekundu nimekichukua kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, kipande cha pazia. Nikamuuliza, kinachuja? Akaapa kwa cherehani yake kwamba hakichuji.


Jumanne, tarehe 5 Machi

Mazoezi ya siri uani!

Kiberiti alikataa kwanza. Akasema bibi, mimi si gari uniwekee taa za barabarani. Nikamwambia gari lina breki, wewe je? Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nikajua nimeshinda.

Nikaligeuza beseni langu la bluu kifudifudi, nikapanda juu. Yeye akadunda mpira katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Mashuka ndiyo wapinzani. Chekundu! Akapita kama upepo. Cheupe! Akasimama tuli, akazungusha macho. Chekundu! Akampita shuka wa kwanza, akampita wa pili, wa tatu akamkumbatia wakaanguka wote.

Shuka la daktari wa meno. Limepata alama ya mpira katikati, duara kamili, mpaka mistari inaonekana. Nimelifua tena. Mistari bado ipo. Nimelikunja alama ikiwa ndani. Atagundua akiwa ameshalala, na aliyelala hagombani na mtu.

Tulipokuwa tunaokota vibanio akaniambia jambo. Akasema kila mtu anampa neno lake. Wenzake wanamwambia vamia, wewe ndiwe moto wetu. Kocha anamwambia fikiri. Akivamia anasikia sauti ya Kocha, akifikiri anasikia za wenzake, na mpira haumsubiri mtu. Akasema anaogopa watu wamkumbuke kama yule msichana wa makosa matano. Basi. Aliyasema hayo amenipa mgongo, anapanga vibanio kwa rangi, kama anavyofanya tangu mdogo akiwa na lake moyoni.

Nikamvuta, nikamkumbatia na mikono yangu ya sabuni. Hakuna wa kuniharibia mtoto huyu. Hakuna! Kila mtu ampe neno lake, mimi nitampa vitambaa.


Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika ukumbini mapema nikaweka beseni kwenye kiti cha nyuma ya benchi, kiti kizuri kuliko vyote. Mwalimu Mstaafu akafika, akalitazama beseni, akauliza kama nimekuja kufua watu. Nikamwambia kuna wanaohitaji. Akakaa pembeni yangu. Akamimina chai. Hakunikaribisha.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno! Nikainua chekundu, Kiberiti akaingia, akafunga. Nikainua tena, akaingia, akafunga, na akamkanyaga mtu kidogo. Kosa moja. Nikainua tena kwa furaha tu, bila kukusudia, akaingia kabla hata hajaupokea mpira vizuri. Kosa la pili. Kocha akashika kichwa.

Haraka nikageuza: cheupe. Akasimama. Vizuri! Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akaendelea kutazama. Wenzake wakaanza kumpungia mikono. Kumbe kuna saa, ukikaa na mpira mpaka ikalia unanyang'anywa. Ikalia. Mimi sikuambiwa habari za saa!

Lakini hilo bado. Baadaye akapokonya mpira katikati, akabaki peke yake, mbele hakuna hata inzi, ni yeye na kikapu. Ukumbi mzima ukasimama. Na mimi, kwa joto lile na roho ilivyokuwa juu, nikajifuta jasho.

Kwa cheupe.

Akasimama kama aliyeulizwa kitambulisho! Taratibu alikuwa anakuja nyuma kwa kasi, akamgonga, wakaanguka wawili, mpira ukatoka nje wenyewe taratibu, bila hata kuguswa. Nikakificha kitambaa chini ya makalio. Nikatazama dari.

Ngoja sasa. Dakika haijapita, Kiberiti anaanza kuingia tena, na huyu jirani yangu anatoa leso nyeupe kwenye mkoba, anafuta miwani! Polepole! Lenzi moja, halafu nyingine! Mtoto akasimama tena. Nikamwambia bibi mwenzangu, ulitaka kufuta miwani leo tu, sasa hivi? Akanijibu, wala hakugeuka, kwamba nyekundu kuvamia, nyeupe kutulia, hiyo si hesabu ngumu. Akasema angekuwa bado anafundisha angenipa alama za ubunifu.

Mchezo ulipokwisha Kocha akapanda ngazi kuja kwangu, goti lake bovu likilia kila hatua. Kijana ana adabu, hilo namsifu. Akaniambia bibi yangu, nakuheshimu kama mama aliyenizaa, na jezi zako huwa zinanukia kuliko za timu zote. Lakini yule ni mchezaji, si feni ya kuwashwa na kuzimwa. Nikamwambia mwanangu, goti hilo likande kwa maji ya moto. Akashukuru. Lakini uamuzi wake akautoa: Jumamosi anaanza Taratibu. Kiberiti benchi.

Njiani Kiberiti alitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni akasema kitu kimoja, wala si kwa hasira, ndiyo maana kimeniuma. Akasema bibi, sasa nikitazama kikapu naona kitambaa. Akaingia ndani.

Nimechemsha chai. Kaikoroga tu.


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Asubuhi tumepatana. Nilimwamsha na mkate wenye siagi pande zote mbili. Akanishika mikono, akaniomba vitambaa visifike ukumbini kesho. Nikamwahidi kwamba leo leo navifua na kuvitia kabatini. Akanibusu shavu. Sikusema kabati lipi. Mkoba wangu una milango miwili na bawaba, kwa nini usiitwe kabati?

Sasa sikiliza kilichotokea, na usiniangalie hivyo.

Jezi za fainali zililetwa kwenye mfuko, zote nyeupe, maana mwenyeji huvaa nyeupe na mgeni rangi ya giza. Unaikumbuka mashine yangu, ile inayotembea ikifika kukamua. Na juu yake ukutani, mkono wangu mwenyewe, kwa mkaa: NYEUPE PEKE YAKE. Miaka yote ya udobi wangu sijawahi kuivunja sheria hiyo. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa soksi moja ya kijani.

Lakini nilikuwa na haraka! Nilitaka kuwahi ukumbini kuweka beseni la kesho kabla ya mto wa Mwalimu. Jezi ndani. Kitambaa cheupe ndani. Chekundu nikakishika. Nikatafakari. Fundi ameapa. Nimeahidi kufua vyote viwili. Na maji ni hayo hayo, na sabuni ni hiyo hiyo. Nikakitupa ndani. Maji ya moto. Nikaondoka na beseni kichwani, mwanamke mwenye furaha.

Nikarudi. Nikachungulia kwenye kioo cha mashine.

Povu la waridi!

Nilikaa sakafuni. Nimewahi kuona watu wakilia kwa ajili ya nguo, nikawaona wajinga. Nikajikaza kisabuni, nikainuka. Nikatia dawa ya madoa. Nikatia ndimu. Nikachemsha, nikasuuza, nikaanika juani. Jua likaifanya rangi ishike vizuri zaidi. Angalau niseme hili kwa haki: hakuna hata doa. Zimeshika sawasawa toka kola hadi pindo. Mafundi wa rangi wanalipwa kwa kazi kama ile.

Kiberiti akaja kutoka mazoezini, na safari hii hakuwa peke yake. Taratibu alikuwa naye, walitumwa kubeba jezi. Wakasimama mlangoni mwa ua. Jezi zote zimepangwa kwenye kamba, waridi, zinapepea kama za harusi ya mtu.

Nikasema ni kivuli. Taratibu akatazama jua. Nikasema ni macho yao, wamechoka. Kiberiti akashika pindo la jezi yake, akaligeuza, akaninyooshea kidole, akafungua mdomo kunigombeza, na badala ya ugomvi kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti la sabuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kicheko kikanikuta sina la kufanya.

Taratibu hakucheka. Taratibu alikagua. Akapita jezi moja moja, akazilinganisha begani, kisha akasema zinafanana zote, na sheria inataka zifanane na ziwe nyepesi kuliko za wageni. Wageni wanavaa nyeusi. Kwa hiyo, akasema, tuko sawa. Baada ya hapo ndipo akacheka, na huyo mtoto akicheka hana taratibu hata kidogo, anapiga makelele kama birika.

Walikaa uani mpaka jua likashuka, wanakunja jezi na kuzungumza. Wanagombania nafasi moja tangu mwaka wa kwanza wa Taratibu, na sijawahi kuwaona wakikaa pamoja. Nilisikia Kiberiti akimuuliza mwenzake anawezaje kutokuwa na haraka. Taratibu akasema hawezi, anaogopa tu. Anaogopa kurusha akakosa mbele ya bibi yake. Kiberiti akasema mimi naogopa kutorusha. Wakatazamana. Nikapitisha sikio tena karibu na dirisha, lakini walikuwa wameshahamia kusengenya viatu vya Kocha.

Mwalimu Mstaafu akaja kumchukua mjukuu wake. Akaona kamba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena, akaivua. Bora angenizaba kibao.


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Leo nitaandika kubwa kubwa.

Ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Wageni waliingia na weusi wao, warefu kama milango. Wetu wakaingia na waridi. Jukwaa la wageni likaangua kicheko! Wakatuita timu ya sabuni ya kuogea. Kijana mmoja akaomba akatiwe kipande anawe mikono. Nikasimama nimjibu, nikavutwa gauni nikakaa. Mwalimu Mstaafu ndiye aliyenivuta. Alikuwa ameshakalia kiti changu! Beseni langu kaliweka sakafuni kifudifudi na kupandisha miguu juu yake kama malkia. Akanikaribisha kiti cha pembeni. Akanimiminia chai, nadhani kwa huruma. Nikainywa kwa hasira.

Taratibu akaanza. Kiberiti benchi, magoti yanacheza.

Kusema kweli tulikuwa tunapelekwa puta. Hao weusi walikuwa wanakaba mpaka kivuli cha mtu. Taratibu akipata mpira anatazama, anapeleka kwa mwenzake, mwenzake anarudisha, unazunguka weee kama chombo cha sadaka, na hakuna anayeingia ndani. Mwalimu alianza kuupindapinda mnyororo wa miwani. Hakuwa na la kusahihisha. Nikamwonea huruma, nikamwambia kikombe chako kinamwagika.

Robo ya tatu, Kocha akasimama, akalitikisa goti lake, akamwita Kiberiti. Nikajua anamtoa Taratibu. Hakumtoa! Akawaweka wote wawili. Kitu hicho hakijawahi kuonekana. Mwalimu akanishika mkono. Nikamwachia.

Sasa, najua nilichoahidi. Lakini wewe hukuwepo, hukuuona uso wa mwanao. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye mkoba, nilikovitia jana bila hata kuvitazama. Nikasimama nikainua chekundu juu kabisa.

Hakikuwa chekundu. Kilikuwa waridi, kimefifia. Haraka nikainua kile kingine. Waridi! Nimesimama mbele ya watu wote, mkono huu waridi, mkono huu waridi, kama mtu anayeuza vitambaa.

Kiberiti akatazama juu. Akatazama mkono wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akacheka, pale pale katikati ya fainali! Kisha akageuka, na tangu hapo hakunitazama tena. Hata mara moja. Nilipunga mpaka bega likalia.

Na alivyocheza sasa! Aliingia ndani kama zamani, lakini akifika kwenye ukuta wa watu anainua macho. Pakiwa wazi anapita. Pakiwa pamefungwa, mpira tayari uko kwa Taratibu. Akakosea, ndiyo, akagonga watu, hawezi kuzaliwa upya ndani ya siku moja. Makosa yakafika manne. Kocha akamtazama. Kiberiti akamwonyesha kidole gumba. Kocha akamwacha.

Tukawafikia. Wakatupita. Tukawafikia. Wakatupita kwa pointi moja, na saa inaishia.

Mpira kwa Kiberiti. Akainamisha kichwa. Mama yangu! Nikamjua. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Na mbele ya kikapu yule mkubwa wao kuliko wote amesimama, miguu ameikita sakafuni, mikono ameikunja kifuani, hakabi, anasubiri tu agongwe. Anasubiri kosa la tano! Hata mimi niliona. Jumamosi iliyopita Kiberiti angempanda kama ngazi.

Alifunga breki. Viatu vililia mpaka nikafunga macho. Nilipofungua, mpira ulikuwa umepita nyuma ya mgongo wake na uko pembeni kwa Taratibu, yuko peke yake, yuko wazi, na anautazama.

Anautazama!

Hapo nikasikia sauti siijui. Nzito, ya ajabu, inatoka juu ya kichwa changu. Mwalimu Mstaafu amepanda juu ya beseni langu, miwani imeruka, na ananguruma: Vamia, mtoto wewe! Usifikiri! Rusha!

Beseni likapasuka. Mwalimu akazama hadi magotini.

Taratibu akarusha. Bila kufikiri kabisa, nadhani kwa hofu ya ile sauti. Mpira ukagonga chuma, ukaruka juu, ukakaa huko kana kwamba umepata chumba cha kupanga, ukashuka.

Ndani!

Kipenga. Sijui zaidi. Nilimkumbatia Mwalimu, Mwalimu akanikumbatia, tukashindwa kushuka ngazi kwa sababu yeye bado amevaa beseni. Chini Kiberiti alikuwa amembeba Taratibu mgongoni anazunguka naye ukumbi mzima, wote waridi, hujui nani ni nani. Nimelia. Andika hapo, nimelia. Nilifuta machozi kwa vitambaa vyote viwili.


Jumapili, tarehe 10 Machi

Kifua kinauma kwa kupiga kelele. Kiberiti amelala mpaka saa ya chakula, ameamka, amekunywa chai yote, na chapa ya kikombe kaiacha kwenye meza yangu. Sikumgombeza.

Akaja kunishukuru. Akasema alipoona vitambaa viwili vya rangi moja alielewa kwamba hata mimi huku juu sijui, na Kocha hajui, na hakuna anayejua, basi akabaki na macho yake mwenyewe. Akasema alijisikia mwepesi. Maskini, bado ana uchovu. Sikumkatiza. Ukweli ni kwamba waridi ni nyekundu na nyeupe pamoja, na maana yake ni vamia huku unafikiri. Ishara iliyo kamili kuliko zote, na ni mimi niliyeigundua. Kwa mashine yangu mwenyewe! Nashangaa naulizwa nilichanganya kwa nini, wakati jibu liko kwenye ubao wa matokeo.

Fundi cherehani amekuja kuomba radhi kwa kile kitambaa. Nimemwambia nimemsamehe, lakini pazia lake ni takataka. Alama ya mpira kwenye shuka la daktari wa meno pia si kosa langu. Nimelifikiria vizuri.

Kocha naye alipita. Alileta keki, halafu akaniomba kwa upole kwamba msimu ujao nikija ukumbini nije mikono mitupu. Mikono mitupu kabisa, akasema, akarudia, akanitazama machoni. Nikamwahidi.

Hakusema lolote kuhusu kofia.

Mwalimu Mstaafu amefika mchana na beseni jipya. La njano. Mimi ni mtu wa bluu, lakini nimelipokea. Taratibu wake bado ana mwaka mmoja chuoni, na huyo mtoto, tuseme kweli, anahitaji msaada kutoka jukwaani. Tumekaa uani tukalipanga. Kofia ya kijani, ingia. Kofia ya njano, subiri. Yeye atavaa moja, mimi moja, anayesimama ndiye anayesikilizwa. Yeye ana akili ya kupanga, mimi nina akili ya kutekeleza. Nimemuuliza ikiwa tutasimama wote kwa pamoja? Akasema haiwezekani. Nami naona haiwezekani.

Kofia nimeshaziloweka, rangi itulie. Fundi ameapa hazichuji.

Sasa wewe. Kiberiti anapokea cheti chake mwisho wa muhula, usithubutu kutuma salamu badala ya miguu. Ukija, ufikie mlango wa nyuma, wa mbele umezibwa na vibanio. Lete sabuni ya maji, na mkanda wa kunifunga bega. Kaa na mwanao, mtazame macho, ana mapya. Na gauni lako nililitia mashineni siku ile ile ya jezi, nafasi ilikuwepo. Limetoka vizuri mno. Ukija, usiulize gauni lako jeupe liko wapi. Uliza gauni tu.